Siku Alizopunguza Bi Wanu

Mwaka wa hamsini na nne, mtu aliyeingia mtaa wa Makorora ameshika kiuno hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Angeonyeshwa nyumba ya makuti yenye kibaraza kilichopakwa udongo mwekundu, na angeambiwa, "Kwa yule Mpemba. Lakini usiende na haraka zako, atakurudisha."

Mpemba mwenyewe ni Bi Wanu binti Shaame, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake. Alivuka kutoka Wete akiwa mke wa mtu. Mwaka wa pili mume akafa kwa homa, ndugu zake wakaja kuzika, na walipoondoka waliondoka na kitanda na kabati. Bi Wanu akabaki na mkeka na vidole kumi. Vidole hivyo ndivyo alivyofanyia biashara. Alianza kwa kuwakanda wanawake waliojifungua, nyumba hadi nyumba, mpaka akawa haendi tena kwa watu, watu ndio wanakuja kwake.

Kupatana alijifunza mwenyewe, kwa njaa. Sokoni wauza samaki walikuwa wakimwona anakuja wanajifanya wanapepea nzi. Angeuliza bei, angecheka kidogo, angetaja yake, angegeuka kuondoka, na katika kugeuka huko ndipo bei ilipokuwa ikishuka. Lakini bei ikishafungwa, kwake imefungwa. Aliwahi kuuziwa nazi kumi, tatu zikatoka mbovu, wala hakurudi kulalama. Alisema aliziona kabla hajatoa mkono, macho yalikuwa yake. Na mtu aliyerudi kwake kutaka kufungua jambo lililokwisha kufungwa, alimtoa kibarazani kwa adabu na hakumpokea tena.

Ufundi wake wa pili aliupata kwa Kashiben, mke wa Mhindi muuza vitambaa kule mjini. Mama huyo alikuwa na mgongo mbaya, na Bi Wanu alikwenda kumkanda kila Jumatano kama alivyozoea kuwakanda wale waliojifungua, kwa nguvu za mabega yote mawili. Wiki ya tatu Kashiben akamshika mkono.

"Wewe nafanya mimi kama unga ya chapati," akamwambia. "Kaa. Tazama."

Akajilaza chali juu ya godoro, akaweka mto mnene chini ya magoti na kitambaa kilichokunjwa chini ya shingo, akafungua viganja, akafumba macho. Akawa anavuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Bi Wanu akangoja. Saa ya ukutani ikaenda nusu nzima. Alidhani mama amesinzia, akaanza kujiuliza kama ujira wa leo upo au haupo. Kashiben alipofumbua macho, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Kashiben aliita ile kazi yoga. Alisema baba yake kule Jamnagar alikuwa akiifanya ile ya kusimama kwa kichwa, lakini hii ya mito ni ya wagonjwa na wazee, mwili hausukumwi, unategewa tu mahali pa kupumzika. Kwa miaka minne Bi Wanu akachukua kimoja kimoja: miguu iliyoegemezwa kiwambazani, kifua kilicholalia mto mrefu, ubavu uliogeuzwa na kushikiliwa na mito miwili. Majina ya Kihindi aliyaacha huko huko ghorofani kwa Kashiben. Yeye aliita kulaza. Akashona mito minne ya sufi, mmoja mrefu kama gogo, na mfuko wa mchanga aliokuwa akiupasha kwenye karai. Pumzi alizihesabu kwa tasbihi.

Sharti lake lilikuwa siku arobaini. Alilitoa kwa wale waliojifungua aliowakanda zamani, ambao hawakunyanyua ndoo wala kuinamia moto mpaka arobaini ipite, na aliona wanavyosimama wakitoka. Mume wa mtu akija na kiuno, naye angeambiwa arobaini.

Jirani wa mbele, Semeni muuza vitumbua, hakuacha kumchokoza. "Wanu, kumbe watu wanakulipa ili walale? Waambie kwangu walale bure, na shuka nitawapa."

"Kwako wakilala wataamka wamenenepa," Bi Wanu angejibu. "Kiuno kitakuwa vile vile."

Zebedayo alifika mwezi wa Julai, asubuhi, ameshikilia fito kwa mikono miwili, kichwa kiko usawa wa magoti. Nyuma yake mkewe Kristina alikuwa amebeba kuku wawili na mahindi nusu gunia. Walikuwa Wabena, watu wa Njombe, Walutheri, walioletwa kwa lori kukata mkonge katika shamba moja njia ya kwenda Muheza. Walikuwa wamebakiza vipande viwili tu, yaani kadi mbili za kazi, muda wao uishe warudi kwao na mabati ya kuezekea nyumba.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Shika nguzo hiyo, usikae kwa pupa."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Imekushika lini?"

"Leo siku ya tatu. Niliinama kufunga tita la mkonge, nikabaki huko huko."

"Nyapara alidhani ameona kitu chini," Kristina akasema. "Akamngoja aokote."

Bi Wanu akamlaza kwa ubavu, akampapasa uti wa mgongo kifundo kwa kifundo. Nyama za kiuno zilikuwa ngumu kama ubao. Akambonyeza unyayo wa kushoto, Zebedayo akasema anasikia kama ameguswa juu ya kiatu. Hilo Bi Wanu hakulipenda.

"Haujavunjika," akasema. "Umechoka mpaka umekataa. Utalala siku arobaini. Hunyanyui ndoo, huinami kufunga hata viatu. Ukitimiza, utasimama."

Zebedayo akatoa mfukoni kopo la sigara, na ndani ya kopo kipande chake, kadi yenye visanduku thelathini. Kila ngwe ya siku, yaani matita sabini ya majani thelathini thelathini, nyapara aliijazia kisanduku kimoja. Vyote thelathini vijae kabla siku arobaini na mbili hazijapita. Visipojaa kadi inakufa, na chumba cha kambini anapewa mwingine.

"Nimejaza kumi, Bibi. Siku zilizobaki ni thelathini na moja. Nikikupa arobaini nakupa chumba, nakupa mabati, nakupa na huyu mke."

"Mke sina pa kumweka."

"Basi chukua siku kumi."

"Kumi ni za mtu aliyelalia mkono vibaya. Arobaini."

"Kumi na mbili, kwa kuwa umetukaribisha vizuri."

Bi Wanu akacheka kidogo. Kile kicheko Semeni alikisikia toka kwake, akaacha karai lake akasogea kusikiliza. "Thelathini na tano," Bi Wanu akasema, "kwa kuwa mkeo amechoka kusimama."

"Nimechoka kweli," Kristina akasema, "lakini sijachoka siku tano. Kumi na tano, Bibi, na nitakuletea maharage."

"Maharage yenu yana mchanga. Thelathini."

"Ya shambani kwetu hayana. Ninayachambua mwenyewe." Kristina akainama, akamshika mumewe kwapani kama anayemwinua. "Twende, Baba. Tulisikia kuna Mdigo huko Mabawa anavuta mgongo kwa siku tatu tu."

Bi Wanu akamtazama yule mwanamke kwa heshima. Hakuwa ameonyeshwa mgongo wa kuondoka namna hiyo tangu aache kwenda sokoni mwenyewe. Akajikuta amekunja kanga yake vizuri na kukaa sawasawa, kama mtu aliyeletewa mchezo anaoujua.

"Yule Mdigo atamvuta mpaka awe wawili. Ishirini na tano."

"Ishirini."

"Ishirini na moja. Saba mara tatu, na sishuki tena."

Zebedayo akafumba macho akahesabu. "Zitabaki kumi, na ngwe ishirini. Nitakata mbili mbili kwa siku. Na Jumapili nitakata, Mungu anisamehe." Akatoa mkono kutoka pale chini alipolala. "Haya, Bibi."

Wakashikana mikono. Semeni akauliza, "Mmefunga?" na Bi Wanu akajibu wamefunga. Watu wote wanne walikuwa na furaha ile ya bei iliyokutana, ambapo kila mtu anajiona ameshinda kidogo. Lile neno la mbili mbili Bi Wanu alilisikia. Lakini alilisikia kama maneno ya mnunuzi anayeondoka na mzigo wake, na mzigo ukishatoka kibarazani, muuzaji haulizi unakwenda kupikwaje.

Kristina alirudi kambini kulala katika kile chumba kisije kikachukuliwa. Zebedayo akalazwa katika banda la uani.

Siku ya kwanza hakuweza kulala chali, kiuno kiligoma hewani. Bi Wanu hakumsukuma. Akajaza mito chini yake, na shuka zilizokunjwa, na gunia, mpaka hapakuwa na mahali pa mwili wake palipokuwa panaelea. Akamwekea mfuko wa mchanga wa moto. Akamwambia avute pumzi kwa hesabu, na kwa kuwa si Mwislamu hatampa tasbihi, ahesabu chochote anachokijua.

Zebedayo akahesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Kila alipofika thelathini, vidole vyake vilijikunja, mkono wa kulia ukapita juu ya wa kushoto, ukavuta, ukaachia. Kisha akaanza tena moja.

"Unafunga nini?" Bi Wanu akamwuliza.

"Nafunga?"

"Mikono yako hiyo."

Akaitazama kama ya mtu mwingine. "Inafunga yenyewe, Bibi. Mimi nimelala."

Wiki ya pili akampigisha magoti, akamlaza kifua juu ya ule mto mrefu, paji la uso limegusa mkeka, mgongo wote umelegea kuelekea nyuma. Zebedayo akasema kwa sauti iliyobanwa na mto, "Bibi, unanisujudisha. Mchungaji akipita hapa nitafutwa kitabuni."

"Mwambie mto ndio uliokuangusha."

Akacheka, na katika kucheka Bi Wanu aliziona nyama za kiuno zinatikisika. Zilikuwa zimelainika. Siku ya kumi na tano alisimama wima, akagusa boriti ya banda kwa kiganja, na Kristina, aliyekuja na maharage yaliyochambuliwa kweli, akaketi chini. Siku ya kumi na nane Bi Wanu alitoka kuswali akamkuta amemwinulia Semeni debe la maji. Akamgombeza mpaka Semeni akajificha ndani.

"Mbona hapaumi, Bibi," Zebedayo akasema. "Hata kidogo hapaumi."

Usiku ule Bi Wanu alipomkanda aliubonyeza tena unyayo wa kushoto, bila kumwambia. Zebedayo hakushtuka. Akaubonyeza kwa ukucha. Hata mguu haukujivuta, mwenyewe alikuwa anaeleza namna mabati yanavyopigwa misumari Njombe, ambako upepo ni mkali.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili alikuwa amekwisha kufunga shuka lake. Bi Wanu akakaa mlangoni mwa banda.

"Ongeza siku kumi," akamwambia. "Bure. Sitaki kuku."

Semeni alisema baadaye kwamba kama angeambiwa na mtu asingeamini. Zebedayo naye alishangaa, akamtazama yule mama kama anayetafuta mtego uko wapi.

"Bibi, tulifunga ishirini na moja."

"Najua tulifunga."

"Mbele ya shahidi."

"Maumivu yameondoka, mgongo haujapona. Hayo ni mambo mawili."

"Wewe mwenyewe ulisema hushuki tena. Sasa unataka kupanda?" Alisema kwa upole, akitabasamu, kama anayemkumbusha mkubwa wake jambo alilolisahau. "Mtu akinirudia baada ya kushikana mkono, mimi nitamwona ni mtu wa namna gani?"

Hilo ndilo neno Bi Wanu mwenyewe alilowaambia watu miaka yote kwenye kibaraza kile. Angeweza kumzuia mlangoni kwa mikono yake, angeweza kumweleza habari ya unyayo. Lakini alikuwa ameshikwa na sheria aliyoila na kuinywa tangu ujane. Akasogea. Zebedayo akapita, wima, akamshukuru, akaenda zake kwa miguu.

Kristina alikuja siku ya tisa tangu mumewe aondoke. Safari hii hakuwa na mzigo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Amekaa wapi?"

"Hajakaa. Amelala."

Alieleza akiwa amesimama. Siku sita Zebedayo alikata mbili mbili, anaondoka gizani anarudi gizani, na kila siku alisema hapaumi. Wenzake walimpigia makofi. Siku ya saba, ambayo ilikuwa Jumapili, aliinama kufunga tita akasikia kitu kimeachia, kama kamba. Hakupiga kelele kwa kuwa hakikuuma. Alipotaka kuinuka miguu haikuwepo. Daktari wa serikali alimpima kwa sindano toka kiunoni hadi vidoleni, akasema mshipa wa uti umekufa na hana dawa yake. Mkojo nao ulikuwa unatoka wenyewe.

Bi Wanu akafunga mito yote minne kwa kanga, akaibeba kichwani. Walipanda gari la mizigo mpaka njia panda, kisha wakafuata reli ndogo ya toroli katikati ya mistari ya mkonge, mwendo wa saa nzima, pande zote mbili miiba imesimama sawasawa bila kivuli.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na harufu ya mkojo uliofuliwa ukarudi. Zebedayo alitaka kumwamkia kwa kuinua kichwa, akamkataza. Kipande kilikuwa kimechomekwa ukutani: visanduku ishirini na viwili vimejaa, vinane vyeupe.

"Nilaze kama kule kwako," Zebedayo akasema. "Pale nilikuwa nalala."

Akamlaza. Mto chini ya magoti, mto chini ya mikono huku na huku, shuka chini ya shingo. Akamwambia avute pumzi. Pumzi zilikuja nzuri, ndefu, zikishuka mpaka tumboni, kuliko siku yoyote ya zile ishirini na moja. Uso ukaachia. Bi Wanu akawa anaitazama mikono yake. Ilikuwa imelala wazi juu ya mito, na alipofika thelathini haikufunga kitu.

Akateremka miguuni, akashika kidole gumba. "Hapa?"

"Hapa wapi, Bibi?"

Nyapara Methusela alikuja kusimama mlangoni kofia mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, na hakuja kwa ubaya. Alisema lori la kuwarudisha watu Njombe linaondoka Ijumaa, na chumba kimeshapata mtu, ana watoto watatu. Kisha akasema bila kuulizwa, "Mimi nilimpa alichoomba. Aliomba mbili, nikampa mbili. Hata Jumapili nilimruhusu."

"Najua," Bi Wanu akasema. "Hata mimi nilimpa alichoomba."

Methusela akavaa kofia yake, akaondoka.

Kristina alimsindikiza Bi Wanu nje mpaka penye bomba la maji. Hapo akamwuliza lile alilokuwa amelibeba tangu Makorora.

"Zile siku kumi na tisa tulizopunguza. Tungezitoa, angepona?"

Bi Wanu angeweza kusema hapana, na yule mwanamke angelala. Lakini hakuzoea kumdanganya mtu aliyepatana naye vizuri.

"Angesimama," akasema. "Kadi ingekufa, mngekosa chumba, mngekosa mabati. Lakini angesimama. Halafu mngepata kadi nyingine, na angerudi kuinama."

Kristina akafikiri. "Kwa hiyo ni hivyo hivyo."

"Si hivyo hivyo. Angepata mwaka. Labda miwili."

"Ni mimi niliyetaja yule Mdigo," Kristina akasema. "Hata simjui. Nilimsikia tu njiani."

"Nilijua kuwa humjui. Nami nikashuka."

Wanawake wengine wa kambi walikuwa wanangoja kukinga maji, wakajifanya hawawaoni.

Ijumaa Bi Wanu alikwenda tena. Lori lilikuwa limeshapakiwa magunia na watu, na nafasi ya Zebedayo ilikuwa ubaoni karibu na mlango wa nyuma, mahali panaporuka kuliko pote. Akamwomba dereva ambadilishie. Dereva akasema waliokaa mbele wamewahi. Bi Wanu akaanza kupatana naye, akataja kuku, akataja mito, akageuka kama anayeondoka, na dereva akawasha gari.

Bi Wanu akapanda juu ya gurudumu. Akamwonyesha Kristina namna ya kuweka mto mrefu chini ya magoti na mmoja upande wa kiuno ili lori likiruka asigonge ubao, na namna ya kumgeuza bila kumvuta mabega.

"Kila likisimama, mgeuze," akasema. "Upande huu, kisha huu. Usimwache saa nyingi upande mmoja, ngozi itaoza naye hatasikia."

"Linasimama mara ngapi?" Kristina akauliza.

Bi Wanu akamtazama dereva. Dereva akasema mpaka Morogoro halisimami.